Kinyasa cha Baba

Mzee Mansuetus Hyera alianguka kanisani, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, katikati ya Njia ya Msalaba. Miongoni mwa wanaume waliokimbia kumwinua walikuwemo wawili ambao mibuni yao aliwahi kuifyekesha. Walimshika kwapani na miguuni, wakambeba taratibu kama wabebao yai, wakamlaza kwenye gari. Hata akiwa amelala mdomo umepinda, watu walimwogopa.

Mjini Mbinga walimwita Mizani. Msimu wa kahawa ulipokaribia, vijana wake walipanda pikipiki wakatawanyika hadi Maguu na vilima vya jirani, wakinunua kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei aliyoipanga yeye. Mkulima aliyekataa hakutukanwa. Aliagwa vizuri, akatakiwa afya njema. Baada ya muda angeamka na kukuta mibuni aliyoachiwa na babu yake imelala chini, shina kwa shina, na hapakuwa na jirani aliyesikia panga. Kule ziwani alikuwa na boti zilizovuka kwenda upande wa Malawi na mizigo isiyotakiwa kuvuka. Wapo walioumia. Wapo waliohama. Aliyeulizwa alijibu kwamba hajui.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mektilda, mtoto wake wa kwanza, alifiwa na mama akiwa bado mdogo, na baba hakuoa tena. Alijifunza kusuka. Jumamosi alikaa uani kwenye kigoda, binti kati ya magoti yake, akimgawa nywele kwa ncha ya kitana, ulimi ameubana kwa meno kama mtoto anayejifunza kuandika. Funza walipomwingia binti vidoleni aliwatoa mwenyewe kwa pini, akipuliza kila alipochoma. Hakuwahi kumpiga, wala kumpiga Vitalis, mdogo wa Mektilda. Hakunywa pombe. Mgeni akipandisha sauti, Mansuetus alimwambia, "Hapa wapo watoto," na mgeni akanyamaza.

Hivyo Mektilda alikua na baba wawili: yule aliyemjua na yule aliyemsikia. Wa pili alimsikia kwa minong'ono ya shuleni, na mara moja kwa mate ya mama mmoja sokoni, yaliyomwangukia kwenye kiatu. Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa Kigonsera, akafurahi kuwa mbali na Mbinga. Alifundisha, miaka ikaenda, hakuolewa. Wachumba walikuja, wakishajua ni mtoto wa nani, waliacha kuja, au walikuja kwa wingi kupita kiasi.

Baba alipopata kiharusi pale kanisani, aliomba ruhusa shuleni, akarudi Mbinga kumuuguza.

Upande wa kulia wa Mansuetus ulikuwa umekufa. Kimatengo cha kwao kilimtoka, Kiswahili kikamtoka. Uliobaki ni mkono wa kushoto, na kwa mkono huo baba na binti wakapata lugha. Mektilda aliushika na kuuliza: baba, una kiu? Vidole vikambonya, maana yake ndiyo. Nikugeuze? Vidole vikatulia, maana yake hapana. Akili yake ilikuwamo mle ndani, nzima, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Mektilda alilijua hilo na lilimpa moyo.

Kisha mvua ikanyesha.

Ilikuwa mchana, mvua kubwa ya masika, ikapiga bati mpaka nyumba nzima ikawa inanguruma. Mektilda alikuwa akimlisha uji. Mansuetus akafumbua mdomo, na maneno yakatoka. Hayakuwa Kimatengo. Yalikuwa ya haraka, ya juu, na sauti ilikuwa ya kijana. Mektilda alitambua kwamba ni Kinyasa, lugha ya watu wa ziwani, kwa sababu alikisikia kwa wamama wauza samaki. Lakini hakuwahi kumsikia baba yake akikisema hata neno moja. Watu wa ziwani walipokuja nyumbani alizungumza nao Kiswahili tu. Na sasa alikuwa akikimwaga kama aliyezaliwa ufukweni, macho yakitazama darini, mwili wote umekakamaa. Mvua ilipokatika, naye akakatika, neno likiwa nusu mdomoni.

"Ubongo ukiumia hutapika kilichokwama chini," daktari alimwambia. "Usitafute maana, Mwalimu."

Lakini mvua ilirudi kesho yake, na maneno yakarudi. Yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, na pumziko mahali pale pale. Kabla ya mwezi kwisha Mektilda aliyashika kwa moyo kama litania ya lugha asiyoijua. Alijikuta akiyatamka akiosha vyombo, akaweka sahani chini na kujifuta mdomo.

Vitalis alikuja siku moja mvua ikiwa imeanza. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha kazi za baba sasa, mwanaume mnene, mpole wa sauti kama baba yake. Alifika mlangoni mwa chumba, koti linachuruzika, akasikia. Hakuingia. Alishika fremu ya mlango kama mtu aliyepigwa kichwani.

"Ameanza lini?" akauliza.

"Tangu masika yaanze. Wewe unajua anasema nini?"

"Anaweweseka. Funga mlango."

Siku ile ile akamwondoa dada wa kazi. Akaleta redio kubwa, akaiweka juu ya kabati karibu na kitanda, akamwagiza Mektilda kwamba mvua ikinyesha aifungulie hadi mwisho, na kwamba mgeni yeyote aishie sebuleni. "Watu wa Mbinga unawajua," alisema. "Watasema baba amerogwa." Lakini alipokuwa akisema hakumtazama usoni, na Mektilda, aliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule, aliona kwamba anaogopa.

Hakuifungulia redio. Alikwenda sokoni kwa Benadetha.

Benadetha alikuwa mama wa Kinyasa aliyekuwa akipandisha usipa kutoka Mbamba Bay na kuuza Mbinga, vile visamaki vidogo vikavu vinavyopimwa kwa kopo. Alimpenda Mektilda kwa kuwa aliwahi kumfundisha mwanawe. Aliposikia anaitwa nyumbani kwa Mizani alisitasita, akaangalia pande zote, kisha akajitwika beseni lake kana kwamba anapeleka samaki. Vitalis alikuwa Songea. Walikaa wawili kando ya kitanda wakisubiri, na mvua haikuchelewa.

Mwanzoni Benadetha aliinamisha sikio kama mtu anayetafsiri mahubiri. Kisha akavuta kanga akajiziba mdomo.

"Anasema nini?" Mektilda akauliza.

"Si yeye anayesema, Mwalimu."

"Ni nani basi?"

"Ni mtu anayewaomba wengine wasimuue." Benadetha alizungumza chini chini, akifuatisha. "Anasema kamba inamkata. Anasema, mimi sikumwambia askari yeyote. Nipelekeni hata ng'ambo, sitarudi tena. Anasema, mama yangu hana mtoto mwingine. Msiniache kwenye mawe, mama hatanipata." Akaacha kutafsiri, huku mzee akiendelea.

"Malizia, dada."

"Kuna jina analolitaja. Niruhusu nisiliseme."

"Liseme."

"Anasema, Vitali, tumekula sahani moja. Vitali, mwambie baba yako."

Mvua ikapungua, mzee akanyamaza. Benadetha alikuwa amesimama tayari, beseni kichwani. "Ziwani kote aliyepotea akiwa mtoto pekee wa mama yake ni mmoja," alisema. "Cleopa, wa karibu na Liuli. Alikuwa akiendesha boti za watu. Mtumbwi ukakutwa umepinduka, wakasema ziwa limemchukua. Mama yake hakukubali. Alisema mwanangu anaogelea kuliko samaki. Mpaka leo hajakubali kukaa msiba."

Mektilda alibaki peke yake na baba yake. Alimtazama akiwa amelala, mdomo wazi, mshipa wa shingo ukicheza. Alimtafuta yule mtu wa pili, yule wa kusimuliwa, akakuta ni huyu huyu wa kitana na pini. Alilia, kisha katikati ya kilio akapata tumaini, akalishika kwa mikono miwili: baba anaungama. Hana njia nyingine, ndiyo maana anaungama kwa sauti ya aliyemuua. Alikwenda parokiani akamweleza Padri Placidi.

"Kuungama ni kutaka, Mwalimu," Padri alisema. "Sijui kama anataka. Huenda kinamtoka tu. Lakini yule mama ana haki kuliko sisi wote."

Hivyo Mektilda akateremka ziwani. Gari lilimshusha Mbamba Bay, akaendelea kwa bodaboda kufuata ufuko kuelekea Liuli, ziwa likiwa kushoto kwake, buluu, limetulia. Kila mtu aliyemuuliza alimjua Mama Cleopa. Jina lake la ubatizo ni Lidia, lakini hakuna aliyelitumia. Alimkuta akianika usipa kwenye chanja, bibi mwembamba, mgongo wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unanunua?"

"Sinunui. Natoka Mbinga. Mimi ni binti wa Mansuetus Hyera."

Bibi alisimamisha mikono. Hakusema karibu tena, wala hakumfukuza. Mektilda akamweleza yote akiwa amesimama juani, hata jina la mdogo wake hakuficha. Aliposema maneno yale, aliyasema kwa Kinyasa, kama alivyoyasikia, kwa sababu ndivyo alivyoyajua. Bibi Lidia alifumba macho tangu neno la kwanza.

"Rudia hapo pa mama," alisema.

Mektilda akarudia.

"Tangu masika yaanze mwanangu anazungumza nyumbani kwenu," bibi alisema, "na wewe ndiyo kwanza unaniita?" Akanawa mikono, akamwita jirani aangalie samaki, akajitanda kanga. Hakuchukua kitu kingine chochote.

Siku iliyofuata walikuwa chumbani kwa Mansuetus: bibi kwenye kigoda, Mektilda ukingoni mwa kitanda ameshika mkono wa kushoto wa baba yake, Benadetha akiegemea ukuta. Mzee alikuwa amesinzia. Wingu lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Mvua ilipoangukia bati, mdomo ukafunguka.

Bibi Lidia aliinama mbele. Hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kipimo. "Ndiye," alisema. "Hata kigugumizi chake cha mwanzo. Ndiye."

Kisha akamjibu. Alijibu kwa Kinyasa, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, na Benadetha akawa anamnong'oneza Mektilda. Nipo, mwanangu. Nimekuja. Mama hajakuacha. Niambie ni mawe yapi, nije nikuchukue.

Mansuetus akanyamaza. Mvua ilikuwa bado inapiga kwa nguvu, na haikuwahi kutokea anyamaze mvua ikinyesha. Kope zake zilipepesa. Macho yakashuka kutoka darini yakamkuta bibi yule, na Mektilda, aliyekuwa ameyasoma macho yale kwa wiki nyingi, akaona kwamba baba yake ameamka na anajua aliyeketi mbele yake ni nani.

Bibi naye aliona. Akahamia Kiswahili.

"Wewe ni mkubwa kwangu," alisema, "lakini shikamoo sikupi. Sikuja kugombana. Mwanangu amekufa, nilijua siku nyingi. Nataka mahali tu. Nikitaja mahali, bonya mkono wa binti yako. Ni kile kisiwa cha mawe wanakotagia ndege?"



"Baba," Mektilda akasema, "mama anauliza. Mkono wako unafanya kazi. Mjibu, ukapumzike."

Mansuetus alimtazama binti yake. Akautazama mlango. Akatazama ukutani, ilipotundikwa picha ya Vitalis siku ya Kipaimara, shati jeupe, mshumaa mkononi. Hapo macho yakakaa kidogo. Mektilda aliona uso wa baba yake ukitulia, hata ule upande uliopinda, ukawa uso wa baba akiwa mezani na watu wa kahawa, akipima nani apewe nini na nani anyimwe. Hapakuwa na hasira ndani yake. Hapakuwa na hofu.

Akavuta mkono wake kutoka mkononi mwa Mektilda, polepole, kwa taabu, akauingiza chini ya blanketi.

Bibi Lidia alisubiri mpaka alipohakikisha. Kisha akainuka, akajifunga kanga upya.

"Sasa nimemjua," alisema. "Nilikuja nikidhani nitakuta mgonjwa."

Benadetha alimsindikiza nje, wakaondoka wakiloana. Mektilda alibaki amekaa ukingoni mwa kitanda akilia, mgongo ameupa kitanda. Baada ya muda alihisi kitu shavuni. Mkono ulikuwa umetoka chini ya blanketi. Ulikuwa unamtafuta uso, na ulipoupata, kidole gumba kilimfuta machozi, jicho moja, kisha la pili, kwa upole ule ule wa zamani. Hakuusukuma. Alikaa pale akifutwa machozi na mkono ule, na hakuna kitu katika maisha yake kilichowahi kumtisha kama upole huo, kwa sababu haukuwa wa uongo.

Mzee Mansuetus hakusema tena. Mvua zilinyesha mpaka Pasaka na kupita, bati likanguruma, naye akalala amefunga mdomo, meno yameumana. Hicho ndicho kilichomwambia Mektilda kwamba baba hakuwa akiungama. Maneno yalikuwa yamemponyoka, na alipoyapata tena aliyafungia. Alikufa baada ya Pasaka, asubuhi, akiwa amepakwa mafuta matakatifu.

Siku ya kupeleka taarifa za msiba, Vitalis alimfuata dada yake jikoni.

"Nimesikia nani alikuja hapa," alisema.

"Na mimi nimesikia nani alikuwa kwenye boti."

Alidhani Vitalis atakana. Vitalis akakaa juu ya gunia la mahindi, likazama kwa uzito wake.

"Cleopa alikuwa rafiki yangu," alisema. "Watu walisema amewaambia askari habari za boti. Hata baba hakuwa na hakika. Tulipofika kwenye mawe baba alinipa upande mmoja wa kamba nishike. Nikamwambia baba, siwezi. Hakunifokea. Aliniwekea mkono begani, akaniambia, 'Huyu akisema, dada yako hatamaliza chuo.' Basi nikashika."

Mektilda alisimama na mwiko mkononi. Nje wanawake walikuwa wakipakua mchele, wakicheka kidogo, kama watu wachekavyo misibani.

"Wewe ulimaliza chuo," Vitalis akasema, bila ubaya, kama mtu anayetaja jambo lililotokea. "Kesho utasoma wasifu. Ukoo umeamua, kwa kuwa wewe ni mwalimu na una sauti. Soma kilichoandikwa, dada. Tumzike."

Watu waliojaa msibani hawakuhesabika. Walitoka Ruanda ya huku huku Mbinga, walitoka Maguu na Kigonsera, walitoka ziwani. Kwaya zilikuwa mbili na maturubai hayakutosha. Padri Placidi alihubiri kwa kifupi. Alisema jina Mansuetus kwa Kilatini ni mpole, na kwamba kila mtu hupewa jina kubwa kuliko yeye, kisha hutumia maisha yake ama kulifikia ama kulikimbia. Hakusema marehemu alifanya lipi. Akakaa.

Mektilda alipewa kipaza sauti. Alisoma tarehe ya kuzaliwa, ubatizo, ndoa. Alisoma mabati aliyotoa kwa ajili ya kanisa la kigango, watoto aliowasomesha, wagonjwa aliowapeleka hospitali kwa gari lake. Yote yalikuwa kweli. Watu waliitikia kwa vichwa. Alipofika mwisho alikunja karatasi.

"Hayo yameandikwa," alisema. "Nayathibitisha. Alinisuka nywele mama yangu alipofariki, na hilo hawakuliandika. Lakini baba yangu alimuua kijana anaitwa Cleopa, wa Liuli. Alimfunga kamba akamuacha kwenye mawe. Aliyasema hayo mwenyewe kitandani, kwa Kinyasa, nami nilikuwepo. Mama wa kijana alikuja akamwomba mahali tu pa kumzika mwanawe, na baba aliweza kujibu, hakutaka. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Nampenda baba yangu. Mungu amhukumu, yeye anayemjua kikamilifu. Mimi nimemaliza."

Kisha, nyuma kabisa, mama mmoja wa Maguu akasimama. "Na mibuni ya mume wangu?" alisema. "Alikufa kwa uchungu wa ile mibuni." Mzee mwingine akasimama bila kusema neno, akabaki tu amesimama, kofia mkononi. Akasimama wa tatu, na wa nne. Mtu fulani akaiashiria kwaya, kwaya ikaanza kuimba kwa pupa, na jeneza likainuliwa huku wengine wamekaa na wengine wamesimama. Mansuetus alizikwa hivyo, kwa wimbo uliowahi mno. Vitalis alitupa udongo kaburini akaondoka bila kunawa.

Jioni wazee wa ukoo walimwita Mektilda wakamwambia asilale katika nyumba ile, na arobaini asije. Akarudi Kigonsera. Madarasani watoto walikuwa wametulia kuliko kawaida, wakimtazama. Walimu wenzake walimsalimu kwa adabu mpya, na hakujua kama ni heshima au ni woga.

Wiki kadhaa baadaye, wakati wa mapumziko ya saa nne, alimwona Vitalis amekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani.

"Baba alinyamaza kwa ajili yangu," alisema, kabla ya salamu. "Ile picha aliitazama, eti?"

"Aliitazama."

"Alidhani ananiachia urithi." Alicheka kidogo, akaacha. "Tangu azikwe, maneno yale ninayasikia mimi, dada. Mvua imekwisha, jua linawaka, ninayasikia. Nikiendesha gari nayasikia. Kwa hofu Kiswahili kilimtoka Cleopa, na mimi sikujua Kinyasa cha maana wakati ule, hata sikujua anasema tumekula sahani moja. Nilikuja kujua baadaye, nilipojifunza. Ningekuwa nimekijua siku ile..."

"Nenda ukaonyeshe mahali, Vitali."

"Nakwenda. Nimekuja kukuaga. Usinisindikize, nikikuona nitageuka."

Alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake. Aliwapeleka askari hadi kile kisiwa cha mawe, wakaondoa jiwe moja baada ya jingine katika ufa aliowaonyesha, na kilichobaki cha Cleopa kilikuwepo, kimeshikana na kipande cha kamba ya nailoni ambayo haikuoza. Vitalis akapelekwa mahabusu Songea kusubiri kesi. Mektilda alimtembelea, akamletea sabuni na nguo. Vitalis alisema sasa anapata usingizi.

Cleopa alizikwa nyuma ya kanisa la Anglikana la kijiji chao, siku yenye upepo, mawimbi yakisikika wakati wa sala. Mektilda alisimama mbali, karibu na ukuta, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso. Hakualikwa, lakini hakuzuiwa. Aliona sanduku dogo, la mtoto, kwa kuwa mifupa haina haja ya sanduku kubwa. Alimwona Bibi Lidia akipiga magoti bila kusaidiwa, akiongea na shimo kwa muda, kisha kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile, akilia kwa sauti, na wanawake wa ufukweni wakimdaka na kulia naye. Msiba uliokuwa umesubiri ukakaliwa.

Baada ya mazishi bibi alimjia pale ukutani. Macho yalikuwa yamevimba. Alimshika Mektilda mkono, kwa nguvu, akaushikilia.

"Ulichokifanya kwa baba yako mzazi, wengi hawawezi," alisema. "Nimekushukuru mbele ya Mungu na sasa nakushukuru mbele yako."

"Sistahili, mama."

"Nisikilize, maana nitasema mara moja. Chakula kimeiva, na mila inataka nikwambie kaa ule. Siwezi. Una macho yake, Mwalimu. Unavyonitazama ukisikiliza, ndivyo alivyonitazama yeye kitandani, nikimwomba. Nikikutazama, anarudi. Mimi nimebakiza siku chache, nataka kuzimaliza na mwanangu tu. Usinirudie."

"Nimeelewa, mama."

"Si kosa lako."

"Najua."

Bibi akamwachia mkono, akarudi kwa wenzake waliokuwa wametandika mikeka. Mektilda alisubiri ampe mgongo. Kisha akapita upande wa nyuma wa kanisa, kwenye majani marefu, ili asionekane tena na mama yule, akatokea barabarani na kuanza kutafuta usafiri wa kupanda Mbinga.